Eti "njugu kidogo haziui mtu"! Yule wa keki leo kanimaliza

UmmuNassir:
Nimetoka pale sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Watu wa mjini nyote mnamjua, yule wa maboksi meupe yenye utepe, jioni foleni yake mpaka gari hazipiti. Simtaji.

Boksi limeandikwa unga, siagi, mayai, sukari, iliki. Basi. Mwanangu ana mzio wa njugu, kwa hivyo nasoma na kwa mdomo nauliza. Nikaambiwa hamna. Kipande hajakimaliza, midomo imefura, macho yamezibika, ananambia "Mama, koo linabana." Hospitali wakampiga sindano ya adrenalini pajani. Alhamdulillahi yuko hai.

Leo narudi na boksi langu. Anacheka! Mbele ya wateja: "Dada, tunatia njugu za kusaga ili iwe laini. Njugu kidogo haziui mtu."

KIDOGO! Mtoto anatafuta pumzi, mtu ananambia kidogo! Na akisema hayo, kijana wake nyuma anamfungia mteja mwengine keki ile ile. Nimepiga kelele nadhani kisiwani Chumbe wamenisikia. Keki kama hiyo inatolewa dukani saa hiyo hiyo, walionunua wanatangaziwa, wanarejeshewa pesa zao. Yeye anafunga utepe!

Njugu kidogo haziui. Mbele ya watu. Anacheka.

MtotoWaKikwajuni:
Pole, lakini watoto wa siku hizi mayai. Sisi tumekula njugu na mchanga wake na tumekua.

BintiWete:
Wewe umekua kwa sababu huna mzio, si kwa ushujaa. Msichana wa huku Uingereza wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alikufa 2016 kwa ufuta uliokandwa ndani ya mkate, karatasi haikusema. Tangu Oktoba 2021 chakula kinachofungwa pale pale dukani lazima kiandikwe viungo vyote, na vile 14 vya mzio vikolezwe wino.

FundiTanuri:
Marekani nao wameuingiza ufuta kwenye orodha yao ya vyakula vya mzio Januari 2023, ukawa wa tisa. Baadhi ya viwanda vya mikate vikaona kusafisha mitambo usibaki ufuta ni kazi, vikatia unga wa ufuta makusudi na kuandika "una ufuta". Mfanyabiashara ni yule yule popote.

UmmuNassir:
Angalau wameandika! Mie nimeambiwa KIDOGO!

Shangazi_Mkunazini:
Kipande kilichobaki usikitupe mwanangu. Kipeleke ZFDA, wale wakala wa chakula na dawa Zanzibar, pamoja na boksi. Huyo si ndiye aliyeniuzia vileja vina unywele? Nilivuta, nikavuta, nikadhani nafuma kofia.

MtotoWaKikwajuni:
Unywele kidogo hauui mtu 😂

UmmuNassir:
Wewe nikikujua!

Bwana_Jang'ombe:
Mnalilia keki za wenye nazo. Boflo, mkate wetu wa kila siku, je? Bei ile ile, lakini ukilibana linaingia ngumini, hewa tupu. Hilo nani analisemea?

BintiWete:
Kha, boflo tena?

Shangazi_Mkunazini:
Hapo kweli Bwana. Mie nimehamia mkate wa kumimina, ule wa mchele, lakini na mchele nao bei haishikiki.

FundiTanuri:
Mwanakwerekwe bado lipo boflo la maana. Uwahi asubuhi tu.

Bwana_Jang'ombe:
Upande gani? Kwa yule mzee wa kuni?

FundiTanuri:
Huyo huyo.