Chai imeingia kwenye laptop ya Zainabu

*Kikundi: Sisi kwa Sisi*

JUMAMOSI

Zainabu 19:42
Jamani nimemwaga chai kwenye laptop. Kikombe kizima, cha maziwa na sukari

Zainabu 19:42
Bado inawaka. Nimeipangusa na kitambaa

Mjomba Hamisi 19:43
Izime sasa hivi! Usihifadhi kitu, usifunge kitu. Chomoa chaja, kisha shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izimike yenyewe

Zainabu 19:45
Imezimika. Shikamoo Mjomba, samahani hata sijakuamkia

Mjomba Hamisi 19:45
Marahaba mwanangu. Sasa ifunue, uigeuze kifudifudi isimame kama hema juu ya taulo, kibodi itazame chini. Chai itoke ilikoingilia

Shangazi Mwanaidi 19:48
Pole sana Zainabu. Ifukieni kwenye mchele, simu yangu ilipona hivyo hivyo

Mjomba Hamisi 19:50
Dada, mchele hauwezi kuvuta maji yaliyo ndani ya chombo kilichofungwa. Simu yako ilikauka yenyewe. Kinachoingia ni vumbi la mchele. Hata Apple mwaka 2024 waliwaambia wenye iPhone wasifanye hivyo

Shangazi Mwanaidi 19:51
Kumbe! Na ile mashine ya kukaushia nywele je?

Mjomba Hamisi 19:51
Nayo hapana. Upepo wake unaisukuma chai ndani zaidi na joto linapinda vitufe

Kaka Rashidi 19:58
Mimi naona tusihangaike. Hiyo laptop ina miaka minne. Hela ya fundi iongezwe anunue nyingine

Mama 19:59
Rashidi, tasnifu ya mdogo wako imo humo

Zainabu 20:01
Sura mbili za mwisho hazipo kwingine kokote. Bekapu niliyonayo kwenye flashi ni ya miezi miwili iliyopita. Natetemeka jamani

Mjomba Hamisi 20:04
Zainabu nisikilize. Faili zako ziko ndani ya chipu za SSD, yaani kile kipande cha kuhifadhia, na chai haifuti maandishi humo. Kinachoungua mara nyingi ni njia za umeme kwenye madabodi, ile bodi kuu. Kwa hiyo kuna mambo mawili tofauti: kuokoa faili, na kuokoa laptop. La kwanza halina mjadala. La pili tutalijadili tukishaona ndani

Mjomba Hamisi 20:05
Una bisibisi ndogo?

Zainabu 20:06
Ipo ya kutengenezea miwani

Mjomba Hamisi 20:10
Ikiingia vizuri kwenye skrubu, fungua mfuniko wa chini. Skrubu zipange kwenye karatasi kwa nafasi zake, maana zingine ni ndefu kuliko zenzake. Ukiona betri imevimba usiiguse, niambie. Kama iko sawa, chomoa soketi yake taratibu kwa ukucha, usivute nyaya

Mama 20:11
Hamisi, si ameshaizima? Kwa nini aifungue tena?

Mjomba Hamisi 20:16
Dada, laptop ikizimwa haikatiki umeme wote. Betri ikiwa imeshikana na bodi, kuna njia zinazobaki na umeme zikisubiri kitufe kibonyezwe. Umeme huo ukipita kwenye majimaji yenye chumvichumvi, na maziwa yana madini, unang'oa shaba upande mmoja na kuipeleka upande wa pili. Nyuzi nyembamba sana zinaota kati ya njia mbili, siku zikigusana inapiga shoti. Ndiyo maana utakuta mtu anasema "ilifanya kazi vizuri siku tatu halafu ikafa". Haikufa siku ya tatu, ilikuwa inaliwa tangu siku ya kwanza

Zainabu 20:47
*[picha]*
Nimefungua. Betri haijavimba, nimeichomoa. Kuna chai imetuama pembeni ya feni, na kibandiko kilichokuwa cheupe kimekuwa chekundu

Mjomba Hamisi 20:49
Hongera mwanangu, hapo umefanya kubwa. Hicho kibandiko ni cha kuonyesha kuwa maji yamefika. Kwa hiyo waranti tusiitegemee, nyingi hazilipii kumwagikiwa. Gusisha karatasi laini ninyonye hapo, usisugue

Mjomba Hamisi 20:49
*inyonye hapo

JUMAPILI

Kaka Rashidi 10:15
Imeshakauka? Iwasheni basi tujue moja

Mjomba Hamisi 10:22
Usiiwashe Zainabu. Kukauka siyo kupona. Maji yameondoka lakini sukari, maziwa na madini yamebaki yamegandia humo, na sukari inavuta unyevu wa hewani. Lazima ioshwe kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Siyo ile ya asilimia 70 ya kusafishia vidonda, ile ina maji mengi

Mama 10:24
Kesho tutaipeleka kwa fundi

JUMATATU

Zainabu 16:30
Fundi ameiangalia kama dakika tano, amesema madabodi imekufa, ibadilishwe pamoja na kibodi. Bei aliyotaja ni kama theluthi mbili ya laptop mpya. Na ameniambia nisitarajie faili

Kaka Rashidi 16:32
Si nilisema

Mjomba Hamisi 16:40
Aliiosha? Aliipima kwa mita?

Zainabu 16:41
Hapana. Alichomeka chaja, taa haikuwaka, akafunga

Mjomba Hamisi 16:46
Alichomeka chaja kwenye bodi chafu! Imenisikitisha sana hiyo. Ichukueni, msilipe kitu cha kubadilisha. Fundi akisema bodi imekufa akuonyeshe ni wapi: njia ipi haina umeme, chipu ipi inachemka. Bila hivyo anabahatisha kwa hela yako

Mjomba Hamisi 16:48
Zainabu kwenye ile picha yako naona SSD ni ya kuchomoka, imeshikwa na skrubu moja. Hiyo ni bahati. Kuna laptop nyingine hifadhi yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, hapo ukitaka faili lazima bodi yenyewe ifufuliwe kwanza. Nakuja kesho na kikasha cha USB cha kuitilia

JUMANNE

Zainabu 18:05
Mjomba yuko hapa. Tumeisafisha SSD meno yake ya kuchomekea kwa ile alkoholi, tumeichomeka kwenye kompyuta ya Rashidi. Inaonekana! Lakini inadai tarakimu 48 za BitLocker, lile kufuli la Windows 😭 sijawahi hata kuziona

Kaka Rashidi 18:07
Angalia kwenye akaunti yako ya Microsoft, ingia kwa simu. Ya kwangu niliikuta huko

Zainabu 18:19
Nimeipata. Mjomba anaandika, mimi namsomea sita sita

Zainabu 18:31
IMEFUNGUKA. Sura ya nne ipo. Sura ya tano ipo. Mama nalia

Mama 18:31
Alhamdulillahi! Alhamdulillahi!

Shangazi Mwanaidi 18:33
Mungu mkubwa. Hamisi Mungu akubariki kaka yangu

Kaka Rashidi 18:34
Nakili mara mbili, kwenye kompyuta yangu na kwenye flashi. Leo leo

Mjomba Hamisi 18:52
Sasa tunaweza kuamua kwa utulivu. Msimamo wangu ni huu: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya laptop nyingine ya hali kama hii, naacha. Lakini hatuwezi kujua kabla haijaoshwa. Kuna fundi ninayemwamini, yeye hung'oa bodi nzima akaiosha kwenye mashine ya mitetemo. Tulipe kuosha na kupima peke yake. Ikishindikana, tumepoteza kidogo na faili tunazo

Kaka Rashidi 18:55
Hapo nakubali. Hofu yangu ilikuwa kulipa nusu ya mpya halafu ife baada ya mwezi

Mjomba Hamisi 18:57
Hofu yako ni ya kweli Rashidi. Laptop iliyomwagikiwa haiwezi kuwa kama haikumwagikiwa. Hata ikipona, isibaki na kazi peke yake

IJUMAA

Zainabu 15:10
*[picha]*
*[picha]*
Fundi ametuma picha kabla na baada. Angalieni ile ya kwanza, soketi ya utepe wa kibodi ina kutu ya kijani na ukoko mweupe. Anasema alipofungua ilinuka maziwa yaliyochacha

Mjomba Hamisi 15:14
Naona. Na soketi ya chaja nayo, pini mbili za pembeni

Zainabu 15:16
Ndiyo, hizo mbili tu. Bodi imewaka baada ya kuoshwa. Soketi ya chaja anabadilisha, na kibodi haifai tena, vitufe vinanata na herufi A inajiandika yenyewe. Jumla ya vyote ni pungufu kidogo ya robo ya bei ya mpya

Mama 15:18
Wote mnasemaje?

Kaka Rashidi 15:19
Robo sawa. Atengeneze. Nachangia kibodi

Mjomba Hamisi 15:20
Atengeneze. Aseme kwa maandishi kama kuna muda wa kurudisha ikisumbua

Zainabu 15:24
Amesema miezi mitatu kwa soketi na kibodi, bodi hawezi kuiahidi

Mjomba Hamisi 15:25
Huyo ni mkweli. Mpe kazi

JUMATATU

Zainabu 20:12
Naandikia hapa sasa hivi. Herufi zote ziko sawa, chaja inaingia, feni haipigi kelele

Mjomba Hamisi 20:15
Mwezi huu wa kwanza iangalie chini kila wiki. Ukiona mfuniko umetuna karibu na betri, zima na uache kuitumia, usingoje kuniuliza

Zainabu 20:16
Sawa Mjomba. Mama, nimekutumia tasnifu kwenye barua pepe, nitakuwa nakutumia kila nikimaliza kuandika. Usiifute

Mama 20:21
Nimeiona mwanangu. Siifuti