Tupeane uzoefu: mwaka mzima wa operesheni juu ya operesheni

Mwalimu wa Bahati
Hamjambo wenzangu. Wiki hii nilikuwa nikitafuta cheti cha kuzaliwa cha binti yangu katika makaratasi ya nyumbani, nikakutana na fomu zangu za kuruhusiwa kutoka hospitalini, zote za mwaka mmoja, na mikono ikaanza kutetemeka. Mwaka huo nilitolewa uvimbe katika kizazi. Kabla sijarudi darasani utumbo ukaziba kwa sababu ya makovu yaliyoshikana ndani ya tumbo, nikapasuliwa tena, na kabla ya Krismasi ngiri ikachomoza palepale penye mshono. Watu huniuliza sana kuhusu chumba cha upasuaji, ilhali humo mtu amelala hajitambui. Kilichonimaliza ni ile miezi ya katikati, nikiwa nyumbani na kila mtu akisema nimepona, huku mwenyewe sijui kama maumivu ninayoyasikia ni ya kupona au ni ya kunirudisha wodini. Waliopitia hali hiyo, mliivukaje?

Mama Pendo, Migosi
Mwalimu, umelitaja lililo moyoni mwangu. Hata leo nikisikia harufu ya spiriti ni lazima niketi.

Fundi wa Bondeni
Mimi ni seremala hapa Nakuru. Niligongwa na gari nikiwa nimepanda bodaboda, mfupa wa paja ukavunjika na kutokeza nje. Nilitiwa chuma, mfupa ukaingia usaha, nikawa ninarudishwa hospitalini kuoshwa, hadi chuma kile kikatolewa na kuwekwa kingine cha kushika mguu kwa nje. Kilichonivusha ni kupewa kazi. Mke wangu aliniletea daftari, rula na penseli, nikawa ninachora vipimo vya makabati nikiwa kitandani, na kijana wangu wa karakana akikata mbao kwa michoro hiyo. Siku kabati la kwanza lilipouzwa, nilikula chakula chote nilichopakuliwa. Ushauri wangu mwingine ni kwamba wageni wazuiwe. Wanakuja kumi kwa pamoja, wanakalia kitanda cha mgonjwa, na kila mmoja ana habari ya mtu wa kwao aliyekatwa mguu.

Mama Pendo, Migosi
Hapo sikubaliani nawe, Fundi. Wageni ndio walionifulia, wakanipikia na kuwapeleka watoto wangu shuleni. Mgonjwa asiyetembelewa huanza kujihesabu miongoni mwa waliokwisha kufa.

Mkulima wa Mbale
Mimi ninasisitiza chakula. Mtu mwenye mshono asile mayai wala nyama mpaka kidonda kikauke kabisa, maana vitu hivyo huleta usaha. Mama yangu aliwauguza watu wengi kwa uji wa wimbi na mboga za kienyeji, na kidonda alikifunga kwa majani anayoyajua yeye, nao walipona.

Sista wa Zamu ya Usiku
Ndugu Mkulima, kwa heshima yote, nimewauguza watu waliofuata ushauri huo. Mwili unajenga nyama mpya kwa kutumia protini, na mgonjwa anayenyimwa mayai, maharagwe, ndengu au omena kidonda chake huchelewa kufunga na nguvu humwishia. Usaha huletwa na vijidudu, hauletwi na yai. Majani yasiwekwe juu ya mshono, hata kama ni ya bibi yako mzaa mama.

Mkulima wa Mbale
Sista, nimemtaja mama yangu, naye ni marehemu. Ninaomba asizungumziwe hivyo.

Fundi wa Bondeni
Sista hakumtukana mtu. Mimi mwenyewe nilipewa mayai kila asubuhi kwa agizo la daktari.

Mkulima wa Mbale
Na mfupa wako si uliingia usaha?

Sista wa Zamu ya Usiku
Mfupa wa Fundi ulitokeza nje barabarani, ukagusa udongo. Yai halihusiki. Kuhusu mama, niwie radhi, sikuwa na nia ya kumvunjia heshima.

Msafiri wa Kondele
Nimekuwa nikisoma kimya, lakini swali la Mwalimu kuhusu miezi ya katikati limenigusa mahali ambapo sijawahi kumwonyesha mtu.

Mimi niliugua homa ya matumbo. Katika zahanati niliyoifikia kwanza nilitibiwa malaria, nikarudi nyumbani na vidonge, na homa ikaendelea hadi usiku mmoja tumbo likawa gumu kama ubao, nikawa siwezi hata kuguswa na shuka. Utumbo mdogo ulikuwa umetoboka. Nilipasuliwa usiku uleule na tundu likashonwa, lakini baada ya siku chache mshono wa ndani ukaachia na uchafu ukamwagika tumboni. Waliponipasua tena waliutoa utumbo nje, upande wa kulia wa tumbo, choo kikawa kinatoka pale na kuingia katika mfuko uliogandishwa kwenye ngozi. Niliambiwa nitakaa hivyo kwa miezi kadhaa kabla ya operesheni ya kuurudisha.

Siku iliyo mbaya kuliko zote haikuwa ya hospitalini. Nilikuwa ninatoka kliniki, ninaenda Ahero kwa mama yangu, nimekaa katikati ndani ya matatu iliyojaa. Tulipokwama katika msongamano wa Nyamasaria nilisikia joto likishuka pajani, nikajua mfuko umebanduka. Choo cha utumbo mdogo ni chepesi, nacho huichoma ngozi. Harufu ikaenea. Watu wakaanza kufungua madirisha, kondakta akauliza kwa sauti ni nani ambaye hana adabu, na kijana mmoja nyuma akaanza kucheka. Nilikuwa mwanamume mzima mwenye ndevu, nami nililia.

Aliyekuwa kando yangu alikuwa mama mmoja mwenye kikapu cha samaki. Hakuniuliza kitu. Alifungua leso aliyojifunga, akanizungushia kiunoni na kukaza fundo, kisha akageuka akawaambia abiria wote: “Huyu ni mgonjwa, naye ana mama yake kama ninyi.” Gari zima likanyamaza. Tulipofika Rabuor akamwamuru kondakta asimamishe, akashuka nami ingawa safari yake ilikuwa ya mbele, akaomba maji na sabuni katika boma la watu asiowajua, akanimiminia maji nyuma ya ua huku ameutazamisha uso wake pembeni ili nisione haya.

Baada ya siku ile nilikataa kutoka nyumbani kwa muda mrefu, hata kanisani.

Mama Pendo, Migosi
Ee Mungu wangu. Huyo mama ulimpata tena?

Msafiri wa Kondele
Sikumpata. Niliuliza kwa wauza samaki pale Ahero mara nyingi. Leso ninayo.

Fundi wa Bondeni
Na yule kondakta ni wa gari gani? Mtu kama huyo hafai kubeba watu.

Mama Baraka, Mumias
Samahani nimeingia ghafla. Mwanangu ana mfuko kama huo tangu alipotobokwa na utumbo, naye anarudishwa hospitalini wiki hii ili utumbo urejeshwe ndani. Ngozi yake imechubuka hadi analia nikimbadilisha. Msafiri, ulifanya nini?

Msafiri wa Kondele
Mama, pole sana. Tundu la mfuko likatwe lienee kwenye utumbo uliotokeza, bila kuacha ngozi wazi pembezoni. Osha kwa maji ya vuguvugu peke yake, kausha kabisa kwa kupapasa taratibu, ndipo ubandike. Umwage choo kabla mfuko haujafika nusu, kwa sababu uzito ndio unaoubandua. Ndizi, viazi vya kuponda na ugali hukifanya choo kiwe kizito kidogo.

Sista wa Zamu ya Usiku
Ninaongeza kwamba utumbo mdogo ukiwa nje mgonjwa hupoteza maji pamoja na chumvi. Maji matupu kwa wingi hayatoshi, apewe na ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji wanayopewa watu wenye kuhara. Akilegea, au akikojoa kidogo, msisubiri siku ya kliniki.

Mweka Hazina, Webuye
Tusisahau upande wa fedha, kwa kuwa nao uko katika hiyo miezi ya katikati. Hapa Kenya, tangu Oktoba 2024 ile bima ya afya ya taifa, NHIF, haipo tena, badala yake ni SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na asiyeajiriwa hulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi. Mama Baraka, hakikisha malipo yamekamilika na hospitali imeomba idhini ya bima kabla ya tarehe ya operesheni. Tafuta pia ndugu wa kutoa damu mapema, wenye uzani usiopungua kilo 50.

Fundi wa Bondeni
Bima ni nzuri, lakini hailipi nauli wala unga wa waliobaki nyumbani. Kwetu ni harambee iliyotuokoa.

Mwalimu wa Bahati
Kwangu harambee ilileta fedha na masengenyo kwa pamoja. Ningependa kumwuliza Msafiri: ulitokaje nyumbani mara ya kwanza baada ya siku ile?

Msafiri wa Kondele
Mama yangu alitangulia kupanda matatu, akalipia viti viwili, akaweka mfuko wa akiba, taulo na suruali ya pili katika kikapu chake mwenyewe. Tulienda kituo kimoja tu, tukashuka, tukarudi. Wiki iliyofuata tuliongeza kituo.

Mwalimu wa Bahati
Asante. Hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta.

Mama Baraka, Mumias
Ninawaandikia kutoka wodini. Mwanangu alipasuliwa juzi, utumbo umerejeshwa ndani. Daktari kila akipita anamwuliza kama ametoa hewa kwa nyuma, maana ndiyo dalili kwamba utumbo umeanza kufanya kazi, na leo alfajiri ameitoa, wodi nzima ikapiga makofi. Sasa anadai ugali na samaki.

Sista wa Zamu ya Usiku
Hongera, Mama Baraka. Uji mwepesi kwanza, kwa kijiko, mpaka daktari aseme vingine.

Mkulima wa Mbale
Uji wa wimbi, Sista?

Sista wa Zamu ya Usiku
Wa wimbi unafaa, uchujwe vizuri. Na akiruhusiwa chakula kigumu, apewe yai.