Mota ya kiti cha magurudumu imemvunja nyonga: achukue ofa ya muuzaji, aende mahakamani, au ashtaki kiwanda?

Kipepeo77
Habari za humu. Mamangu mdogo anatumia kiti cha magurudumu chenye mota ndogo ya kufungwa nyuma, ile inayosaidia kusukuma. Kwenye mteremko wa kutoka kanisani mota ilishika kasi yenyewe, akabonyeza kuzima ikakataa, akaingia mtaroni. Nyonga ilivunjika, akafanyiwa upasuaji. Sasa muuzaji anatoa mota mpya na laki moja na nusu, ila asaini karatasi kwamba hatadai tena. Wanataka jibu Ijumaa. Njia ni tatu: achukue hiyo, aende mahakama ya hapa nyumbani, au tushtaki kiwanda chenyewe, kiko Marekani. Ipi ina nafuu?

Sajenti_wa_Zamu
Pole kwa mama. Lakini "hapa nyumbani" ni wapi? Laki na nusu ya shilingi gani? Aliumia lini? Risiti ina jina la nani? Na mota yenyewe iko mikononi mwa nani sasa hivi? Bila hayo utapewa majibu ya kijiweni.

Mkuu_wa_Ilala
Mkuu, usizunguke. Nenda FCC, tume ya ushindani ya Tanzania, Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda mlaji. Vifaa tiba viko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wapelekee taarifa nao. Madai ya kuumizwa yana ukomo wa miaka mitatu, ya mkataba sita. Usisaini kitu.

Kipepeo77
Asanteni. Tuko Nakuru. Aliumia mwezi wa sita mwaka juzi. Kakangu ndiye alilipa, risiti ina jina lake. Mota tunayo, lakini muuzaji anasema tuipeleke "ikaguliwe" kabla hajatoa pesa.

Mkuu_wa_Ilala
Aa, Kenya. Basi FCC iache. Ila miaka mitatu pia ni hivyo hivyo kwenu, nadhani.

Wakili_wa_Mtaa
Ni hivyo. Kesi ya uzembe miaka mitatu, mkataba sita. Lakini mkataba ni wa kaka yako, si wa mama, kwa hiyo hesabu ile mitatu na usiichezee.

Suala la risiti lisikutishe. Kesi maarufu ya 1932, Donoghue v Stevenson, ya konokono ndani ya chupa kule Uskochi: kinywaji kilinunuliwa na rafiki, aliyeugua ni mwingine, na mahakama ikasema mtengenezaji ana wajibu kwa mtumiaji wa mwisho. Hapa kwetu Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamhesabu hata anayetumia tu bila kununua, na Ibara ya 46 ya Katiba inataja wazi fidia kwa madhara ya bidhaa zenye kasoro.

Mahakama ya Madai Madogo inapokea kesi za kuumia mwili, mwisho milioni moja. Unaweza kwenda bila wakili, ukaongea Kiswahili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Tatizo: nyonga iliyopasuliwa inaweza kupita milioni. Ukiingia pale, kinachozidi umekisamehe. Hakimu Mkuu anakwenda hadi milioni ishirini, ila huko jiandae kwa muda na ada. Mimi ningepata kwanza ripoti ya daktari inayosema atatembeaje miaka mitano ijayo, ndipo nichague mlango.

Zuhura_Likoni
MSIPELEKE MOTA KUKAGULIWA. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu.

Binamu yangu alikuwa na kiti cha umeme. Siku moja kimesimama tu sebuleni, kikaruka mbele peke yake, kikambana mguu kwenye mlango. Muuzaji alikuja na maua, na matunda, na pole nyingi. Fundi wao akakibeba "aangalie kontrola", kile kisanduku kinachoongoza mota. Kikarudi baada ya wiki kadhaa, kimepakwa rangi hadi mikononi, kontrola mpya ndani. Ile ya zamani? "Tulitupa, ilikuwa mbovu." Mbovu! Ndilo neno tulilolitaka liandikwe, nao wakalisema kwa mdomo jikoni kwetu na hakuna aliyelishika. Wakili wa kwanza akauliza, "Kasoro nitamwonyesha hakimu kwa kitu gani?" Wa pili akauliza hivyo hivyo. Tukabaki na picha mbili za simu na mguu wenye kovu. Mwishowe walituma barua kwamba kiti "kilipokaguliwa kilikuwa kizima". Kweli kilikuwa kizima, wao ndio walikitengeneza!

Wakitaka kukagua waje nyumbani, fundi wenu awepo, mrekodi video, nambari ya mota ionekane. Na msiichaji wala kuiwasha.

Msafiri_MN
Niko Minneapolis, nahudumia wazee kazini, vifaa hivi naviona kila siku. Watu wengi huku wangekwambia "shtaki Marekani, huko ndiko kuna hela". Ni kweli wakili wa huku huchukua karibu theluthi akishinda, akishindwa hupati bili ya ada yake. Na majimbo mengi hayakutaki uthibitishe uzembe, onyesha kasoro tu. Viti vingi vya mota hupitishwa na FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya huku, kwa njia fupi iitwayo 510(k), ya kuonyesha kifaa kinafanana na kilichokubaliwa tayari, na tangu kesi ya Medtronic v. Lohr ya 1996 njia hiyo haimkingi mtengenezaji dhidi ya kesi kama inavyomkinga aliyepitia idhini kamili, kama ilivyoamuliwa kwenye kesi ya Riegel ya 2008.

Lakini mlalamikaji wa kigeni ana kikwazo. Piper Aircraft v. Reyno, 1981: ndege iliyotengenezwa Marekani ikaanguka Uskochi (Uskochi tena!), familia zikashtaki Marekani, Mahakama ya Juu ikakubali kesi ifutwe, kwa kuwa mahali pake ni kule ilikoanguka. Halafu kila jimbo lina saa yake. Texas ni miaka miwili tu, na mama yako kama sikosei ameshaikaribia au ameipita. Kiwanda kiko jimbo gani?

Cha bure: tafuta jina la mota kwenye MAUDE, daftari la FDA la matukio ya vifaa tiba. Liko wazi kwa kila mtu. Ukikuta wengine walioandika "haikuzimika", chapisha, mpelekee wakili wa Nakuru.

Wakili_wa_Mtaa
Hayo ya "akishindwa hulipi" kwetu hayaruhusiwi, Sheria ya Mawakili inakataza. Mtu akikuahidi hivyo Nakuru, mkimbie.

Fundi_Volti
Mimi niwe mkweli kidogo. Nani aliifunga hiyo mota? Mteremko ulikuwa wa namna gani? Breki za mkono za kiti zilikuwa zinashika? Nusu ya zinazoletwa kwangu hazina kasoro, tairi za kiti zimelika na betri zimezeeka. Afadhali zile betri za asidi za zamani, hizi za lithiamu zinasukuma kwa nguvu hadi mwisho.

Zuhura_Likoni
Kwa hiyo mama mtu alaumiwe kwa sababu kanisa liko kilimani?

Wakili_wa_Mtaa
Fundi hajakosea kuuliza, upande wa pili watauliza hayo hayo. Hakimu akiona alichangia, anakata asilimia, hafuti kesi.

Fundi_Volti
Na betri ya lithiamu haihusiani na kuzima. Kuzima ni kontrola au kile kitufe cha mkononi.

Sajenti_wa_Zamu
Sasa wewe ndiye uliyeanza habari ya betri.

Kipepeo77
Kakangu anataka tuchukue laki na nusu, anasema kesi zinazeesha. Mama anasema mota mpya hataki hata kuiona. Jina la kiwanda nitaliangalia jioni, kibandiko kimefutika nusu.

Mkuu_wa_Ilala
Mota mpya ya aina ileile? Hiyo si fidia, ni mtego wa pili. Waambie watoe pesa tupu.

Fundi_Volti
Na betri ya hiyo mota, kama hamuitumii, mnauza?

Zuhura_Likoni
Fundi, hiyo betri ni ushahidi!