Mrejesho: kile kichupa cha kipokezi cha EGF hakikuwa kitupu

Wakuu, niliwauliza kuhusu kichupa cha kipokezi cha EGF ya binadamu (EGF ni protini inayochochea seli kukua; kipokezi ni protini inayoishika, na hiki kimetengenezwa na seli zilizopandikizwa jeni, kikaja kimekaushwa) kilichotufikia hapa Kigoma kikionekana kitupu, na kipimo cha Elisa (kinachoonyesha kwa rangi kama protini imeshikana) hakikutoa rangi kabisa.

Hakikuwa kitupu. Cha pili nilikiinamisha mbele ya taa nikaona utando mweupe, mwembamba kama chumvi iliyokaukia kwenye dagaa, mwingine umeganda chini ya kifuniko. Mikrogramu 100 jicho halizioni kirahisi! Kile cha kwanza nilikifungua bila kukizungusha kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi ili vitu vishuke chini), halafu nikakitikisa mpaka povu. Povu huvuruga umbo la protini, na kipokezi kilichopoteza umbo hakiishiki tena EGF. Iliniuma, maana kusubiri mzigo mwingine huku si mchezo.

Safari hii nilianza na sentrifuji, nikaweka bafa ya fosfeti iliyo tasa (maji ya chumvi yanayotunza kiwango cha asidi), nikakiacha juu ya barafu, nikakizungusha kwa mkono polepole. Nikagawa mikrolita 20 kila kichupa, vyote friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kila kimoja kinayeyushwa mara moja tu. Uliyesema niongeze albumini (protini ya kukinga) ya 0.1%, Mungu akubariki: protini ikiwa kidogo hunata kwenye plastiki na kupotea.

Jana visima (vishimo vya sahani ya Elisa) viligeuka buluu. Nilipotia asidi, vikawa njano, ila vile vya kulinganishia visivyo na kipokezi vilibaki bila rangi. Jumatatu narudia.