Yogati ya nyumbani: chupa ya chai, hotipoti, oveni au mashine?

kijiko_cha_mbao
Lengo ni lita 2 kwa wiki kwa gharama ndogo kabisa. Kuchemsha, kupoza na kutia mbegu (yogati kidogo yenye bakteria hai) hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye kutunza joto kwa saa 6 hadi 8. Katika hivyo vinne, kipi kinalipa kweli? Na mtu asiye na kipimajoto afanyeje?

sufuria_nzito
Ubishi upo hata kwenye kuchemsha, na wengi wanaharibu hapo halafu wanalaumu chombo. Maziwa yafike 85°C, yaani yanafuka mvuke na vipovu vidogo vimezunguka ukingo, lakini hayajafura. Yashikilie hapo dakika 10 hadi 15, moto mdogo, huku ukikoroga hadi chini. Kazi ya hatua hii si kuua vijidudu tu. Kwenye joto hilo protini zinazobaki kwenye maji ya maziwa hubadilika na kushikamana na kaseini, protini kuu ya maziwa, na hapo ndipo uzito wa mgando unapotoka. Ukiepua kwenye 70°C utapata yogati, ila ya kumiminika.

Kisha poza hadi 43–45°C. Sufuria ndani ya beseni la maji baridi inaharakisha sana. Bila kipimajoto, tumbukiza kidole safi: ukiweza kuhesabu taratibu hadi 10 na joto linakubana lakini halikuchomi, umefika. Ukikitoa kabla ya 5, ngoja. Zaidi ya 50°C bakteria wa yogati wanaanza kufa.

Mbegu ni vijiko 2 vya mezani kwa lita 1. Ilegeze kwanza kwa upawa mmoja wa yale maziwa vuguvugu, ndipo urudishe sufuriani. Ukiitia nzima inazama kama bonge na kugandisha upande mmoja.

Sasa vyombo. Chupa ya chai inatunza joto kuliko hotipoti, lakini mdomo wake mwembamba ni adhabu: yogati nzito haitoki, na mabaki yaliyojificha begani mwa chupa yanachafua mzigo unaofuata. Ikiwa na mdomo mpana, hiyo ndiyo chaguo langu la kwanza. Isuuze kwa maji yanayochemka na uiache na moto wake dakika 5 kabla ya kumimina.

saa_nane
Kwa lita 2 hotipoti inashinda. Unachota kwa upawa, unaosha kwa mkono mzima. Udhaifu wake ni kifuniko; ukiifunga kwa blanketi zito na kuiweka mbali na upepo tatizo linaisha. Ijaze karibu kabisa, kwa sababu nusu hotipoti inapoa haraka zaidi.

Na isiguswe! Kila ukifunua kuchungulia unatoa joto, na ukiitikisa mgando unakatika na maji yanajitenga. Chungulia mara moja, baada ya saa 6: inamisha chombo kidogo, yogati iliyoiva inajitenga na ukuta ikiwa kipande kimoja. Ikiwa bado inatiririka, ongeza saa 2.

waya_mwekundu
Upande wa umeme: mashine nyingi ndogo zinatumia kama wati 15. Kwa saa 8 hiyo ni uniti 0.12, karibu si kitu. Gharama yake ni kuinunua. Oveni usiiwashe, taa yake tu. Taa ya wati 25 kwa saa 8 ni uniti 0.2, na ndani ya oveni iliyofungwa inaweza kutosha. Pima kwanza kwa bakuli la maji, kwa sababu taa za LED hazitoi joto la maana. Oveni nyingi joto lao la chini kabisa ni 50°C, na hapo unapika mbegu.

Mashine inalipa pale tu chumba kina baridi kali au unatengeneza kila siku ya pili. Kwa lita 2 kwa wiki siioni faida yake.

kijiko_cha_mbao
Nimeelewa. Na maziwa ya unga? Mara nyingi ni nafuu.

sufuria_nzito
Yanafaa, tena yanaokoa moto. Gramu 130 kwenye maji yanayotosha kufikisha lita 1. Chemsha maji peke yake, yapoe hadi 45°C, koroga unga, tia mbegu. Kwa mgando mzito fika gramu 150. Hata kwenye maziwa ya kawaida, vijiko 3 vya unga kwa lita ni njia rahisi ya kuongeza uzito kuliko kuchuja. Ukichuja kwa kitambaa hadi iwe nzito sana, lita 1 inabaki karibu nusu, na hesabu ya kuokoa pesa inabadilika kabisa.

saa_nane
Naongezea makosa, yanajirudia sana:

Imekuwa chengachenga kama mchanga: mbegu nyingi au joto la juu. Vijiko 5 haviharakishi chochote cha maana, vinaleta ukali tu.

Haijaganda kabisa: mbegu imekufa. Kikopo cha kuanzia kiwe bila sukari wala ladha, na lebo iseme ina bakteria hai. Yogati iliyopashwa moto baada ya kuganda haina wa kukufanyia kazi. Maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa kwa antibiotiki nayo hayagandi, hata mbegu iwe nzuri namna gani.

Doa la waridi au ukungu: mwaga yote, usikwangue juu.

kijiko_cha_mbao
Mbegu ya nyumbani inarudiwa mara ngapi?

waya_mwekundu
Mara 4 au 5, ukiitoa kwanza kabla mtu hajatia kijiko, na uitumie ndani ya siku 7. Ikianza kuchelewa kuganda au kunuka hamira, nunua kikopo kipya. Kikopo hicho kigawe kwenye trei ya barafu, kijiko 1 kila tundu, ugandishe. Vipande 2 kwa lita, viyeyuke kwanza, na uongeze saa 1 kwenye muda wa kuganda.