Mwaka mmoja umebaki chuoni, hoteli inaniita nikapige besi. Nimalize au niende?

BesiYaTanga

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Siku zote nasoma tu nyuzi za wenzangu na kupita, leo nimefungua wa kwangu kwa sababu nimepewa siku tisa za kutoa jibu na usingizi umekata.

Mimi ni binti wa miaka 23, kwetu Tanga. Nasoma muziki kwenye chuo kimoja cha ukanda wa pwani, jina naomba niliache. Ngazi ya tano nimemaliza, cheti ninacho. Imebaki ngazi ya sita, mwaka mmoja, nipate stashahada. Ala yangu ni gitaa la besi.

Nimetokea kwaya. Kanisani tuliimba kwa solfa, mwalimu anaandika d r m f ubaoni na fimbo inatembea. Besi nilijifunza kwa kuangalia vidole vya kaka mmoja, akienda kunywa maji nami nalishika. Nilipofika chuoni nikakutana na nota za mistari mitano, wiki ya kwanza nililia. Baadaye nikagundua kila mtu ana lake la kulilia. Kijana wa Kigoma anapiga ngoma mpaka unasimama mwenyewe, ukimwuliza huu ni mpigo wa ngapi hajui. Dada wa Pemba anatambua hijazi na bayati, zile ngazi za sauti za Kiarabu, kwa sikio tu, karatasi hajawahi kuishika. Mwalimu akatuweka bendi moja. Siku moja muhula wa pili, mpiga dramu alipunguza, akaniachia nafasi, besi yangu ikaangukia pale pale mguu wake unapopiga, nikasikia sakafu ya mbao inatetemeka chini ya ndala zangu. Sijawahi kumsimulia mtu. Tangu siku ile najua kazi yangu duniani ni ipi.

Sasa shida. Vyumba vya mazoezi ni vitatu, wanafunzi tumezidi arobaini, kwa hiyo naamka saa kumi alfajiri kuwahi zamu. Mwalimu wetu wa besi alikuwa wa kujitolea, aliondoka katikati ya muhula na hajaletwa mwingine. Hewa ya chumvi inakula nyuzi. Mimi huzitoa zote nne, nazichemsha kwenye sufuria dakika kumi, nazifuta na kitambaa kikavu, nazianika. Zikirudi kwenye gitaa zinalia vizuri kama wiki mbili, kisha zinakufa tena. Seti mpya siwezi, maana ada yenyewe mama anaitoa kwenye samaki wa kukaanga.

Kwenye onyesho letu la mwisho wa mwaka alikuwepo kiongozi wa bendi ya hoteli moja ya kitalii huko Unguja, upande wa mashariki. Mpiga besi wake amepata kazi Dubai. Ananitaka mimi nianze mwezi wa kumi. 450,000 kwa mwezi, chumba na chakula, usiku sita kwa wiki.

Ndoto yangu ni kusimama Ngome Kongwe, Zanzibar, kwenye tamasha la Sauti za Busara na bendi yangu na nyimbo zangu, na siku za kawaida niitwe studio kupigia watu. Mama anasema mshahara haukataliwi. Mwalimu wangu wa nadharia anasema nikienda sirudi. Nishaurini.

Mtu_wa_Kazi

Nenda, mama apumzike. Cheti cha muziki nani anakiangalia?

MzeeWaSolo

Binti yangu, shikamoo yako nimeipokea hata kama hukuiandika.

Nimepiga gitaa la solo kwenye dansi tangu mwishoni mwa miaka ya sabini, nikueleze kilichonipata. Zamani bendi kubwa zilikuwa na wenyewe. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza 1978, na baadaye ikawa chini ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo maana ikaitwa DDC. Mwanamuziki aliajiriwa kama karani, magitaa na spika ni za shirika, mshahara mwisho wa mwezi. Mimi sikupiga kwenye hizo mbili lakini yangu ilikuwa ya namna hiyo hiyo. Nikaona shule ya nini, vidole vinakula.

Mashirika yakachoka. Tukatoka na vidole vyetu bila hata gitaa la kuondoka nalo. Mwaka mmoja nikaitwa kurekodi, nikafika asubuhi nimevaa vizuri. Wakaniwekea karatasi mbele. Nikawaambia nipigieni kwanza niusikie. Wakanipigia mara mbili, mara tatu. Pembeni alikaa kijana aliyesoma, akaivuta ile karatasi taratibu, akapiga wimbo mzima bila kusimama. Walinipa nauli. Nilikuwa bora kuliko yule kijana kwa kila kitu isipokuwa hicho kimoja.

Maliza mwaka wako.

PwaniYaKusini

Dadangu, hongera kwanza, na mzee hapo juu namheshimu sana. Lakini mimi niko upande wa mamako.

Nimepiga hoteli za Diani, Kenya, miaka kumi na moja. Watu wa chuo huidharau kazi ya hoteli, wasiijue. Usiku mmoja ni saa nne za kupiga. Unaanza na muziki mlaini watu wakila, unaingia rumba, rege, chakacha, kisha mgeni mmoja anaomba wimbo wa kwao ambao bendi haijaufanyia mazoezi. Mwimbaji ameamka na mafua, anaomba wimbo ushushwe toni nzima, uwe wa chini zaidi, hapo hapo, mbele ya watu, na wewe mpiga besi ukikosea wote mmeanguka. Miezi sita ya hivyo hakuna chumba cha mazoezi kitakupa. Them Mushrooms walipiga hoteli za pwani yetu hapa Mombasa, na ule wimbo wao wa kumwamkia mgeni uliozunguka dunia ulitokea kwenye maisha hayo. Hoteli haikuwazuia kutunga.

Ila kabla hujakubali muulize huyo kiongozi swali moja: masika inakuwaje? Mwezi wa nne na wa tano mvua ikishika, wageni hukauka, hoteli nyingine hufunga kabisa, na wa kwanza kurudishwa nyumbani ni bendi. Akisema "tutaona", ujue jibu ni hakuna mshahara.

FundiMitambo

Dada, nizungumzie hilo la studio maana ndiko ninakolala.

Bongo Fleva kwa sehemu kubwa inatengenezwa kwenye kompyuta. Besi unayoisikia nimeibonyeza mimi kwa kidole kimoja. Siipendi hali hii, lakini ndiyo hali. Mpiga besi wa kweli naye namwita, kwa kazi za injili zinazorekodiwa na bendi nzima, kwa wanaotaka dansi au taarabu, na kwa msanii anayejiandaa kupanda jukwaa la bendi. Sauti za Busara tangu ilipoanza mwaka 2004 imeshikilia muziki wa kupigwa papo hapo, pale CD haikusaidii. Ninayemwita awe na mambo matatu: anafika kwa saa, anasoma kordi, yaani alama za sauti zinazopigwa pamoja, na haongezi manjonjo. Hilo la tatu ndilo adimu.

Na nyimbo zako, andika tangu leo. Ukitunga na mwenzako, siku hiyo hiyo mwandikiane nani ana sehemu gani, mweke sahihi. Bara ziandikishe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukiwa Zanzibar kuna COSOZA yao. Nimeona marafiki wa damu wakigombana kwa wimbo mmoja ambao ulipotungwa hakuna aliyeuthamini. Mirabaha haimfuati mtu aliyesahau kuandika jina lake.

MwalimuWaSauti

Kwa aliyeuliza nani anakiangalia cheti: mimi. Nafundisha muziki shule ya mchepuo wa Kiingereza. Tulipotafuta mwalimu wa pili walikuja tisa, wanne wanapiga kunizidi. Mwenye shule hakuwasikiliza hata wimbo mmoja kabla ya kuuliza stashahada. Yupo aliyepiga kinanda mpaka mhudumu wa chai akasimama mlangoni, na hakupata. Niliumia, lakini ndivyo ilivyokwenda.

BesiYaTanga, hukutaja kufundisha kwenye ndoto zako. Usilifute. Mimi asubuhi niko darasani, jioni niko na bendi yangu, na gitaa langu sijawahi kuliweka rehani.

KanuniNaNai

Mdogo wangu, assalaam alaykum. Mimi niko Unguja, napiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu, na nataka kusema jambo ambalo hawa kaka zetu wamelipita.

Wewe ni mtoto wa kike unaambiwa usiku sita kwa wiki, chumba watakupa. Chumba kipi? Kina kufuli, au unalala na waimbaji watatu na mlango unafungwa kwa kamba? Mkimaliza saa sita usiku nani anakurudisha, na kwa gari gani? Mgeni akikuita mezani, kiongozi wako anasimama wapi? Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo majibu ya maswali haya niliyapata baada ya kufika. Yaulize kabla, na yaandikwe kwenye mkataba. Wa kukwambia unajidai huyo usimfuate.

La pili ni la kukutia moyo. Kwetu mwanamke kuimba lilikuwa jambo la zamani, Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Kushika ala ndiko kulikokuwa kuzito. Leo tunao Tausi, kundi la taarabu la wanawake watupu wanaojipigia wenyewe, lililoanzishwa na Bi Mariam Hamdani, mpiga kanuni. Ukija huku na besi hutakuwa kioja.

Na kuhusu shule, inasimuliwa kwetu kwamba Sultan Barghash alimtuma Mohamed Ibrahim aende Misri akajifunze kanuni, akarudi kufundisha wenzake. Taarabu yetu hii ina mwanafunzi mwanzoni kabisa.

Mtu_wa_Kazi

Mwalimu nimekusoma, nimekosea kusema vile. Binti usinifuate mimi.

BesiYaTanga

Nimesoma kila neno, mengine mara tatu. Mzee shikamoo, na uniwie radhi kwa kuchelewa kuitoa.

Dada wa kanuni, swali la chumba sikuwa nimeliwaza kabisa. Nilisikia "chumba na chakula" nikafurahi. FundiMitambo, manjonjo ndiyo ugonjwa wangu, mwalimu alinisema muhula mzima.

Kuna jambo sijalielewa. Nikimaliza bila mwalimu wa besi, huo mwaka wa mwisho nitafundishwa nini?

MwalimuWaSauti

Utafundishwa yale yasiyohitaji besi, na ndiyo yatakayokubeba: nadharia, kupanga muziki wa bendi, biashara ya sanaa. Kwa besi, shika kinanda kama ala ya pili na umwombe mwalimu wa gitaa la kawaida akusikilize mara moja kwa wiki. Nyuzi nne nene za gitaa lake ndizo zako, mkono ule ule.

Na fildi je? Ngazi ya sita lazima mna mafunzo kwa vitendo. Nani kasema ufanyie ofisini?

PwaniYaKusini

Hapo mwalimu amegonga penyewe. Julai na Agosti hoteli za pwani hujaa. Kiongozi wa bendi wakati huo anatafuta watu hata wa akiba.

BesiYaTanga

Narudi na majibu, siku ya nane leo.

Nilimpigia kiongozi wa bendi, maswali nimeyaandika kwenye daftari nisiogope. Masika: alinyamaza kidogo, kisha akasema bendi "inapumzika" kuanzia katikati ya Machi mpaka Juni, chakula kipo kwa wanaobaki, mshahara hapana. Chumba: tungelala wanne, wawili wakaka. Nikamwambia nashukuru, mwezi wa kumi siji. Nikamwuliza kama anaweza kunipokea Julai na Agosti kama fildi. Akasema besi atakuwa amepata mwingine, ila miezi hiyo hoteli huweka bendi ya pili kwenye bwawa, nije, na chumba atanitafutia kwa dada wa mapokezi. Hilo la chumba nimemwomba anitumie kwa maandishi, ametuma. Mratibu wa fildi chuoni amekubali, anataka barua tu ya hoteli.

Mama nilimwambia ana kwa ana, nilipanda basi nikaenda. Alikuwa anageuza samaki. Nikamtajia Machi mpaka Juni bila mshahara, akasimamisha kijiko na kuhesabu kimoyomoyo, midomo inacheza. Akasema, "Kumbe ni 450,000 ya miezi minane na ushee." Hakusema lingine, akanipa wa kula. Asubuhi yake nikakuta ameweka pesa ya muhula wa kwanza ndani ya kava la besi.

Bado naogopa. Huyo atakayechukua nafasi yangu atakuwa na miezi ya jukwaani mimi nikiwa bado napigania chumba cha mazoezi. Lakini nimeamua, nasoma.

MzeeWaSolo

Marahaba. Mwaka mmoja ni nyimbo chache tu, binti yangu.

KanuniNaNai

Ukifika Julai nitafute kabla hujakwenda hotelini. Utalala kwangu usiku wa kwanza.

PwaniYaKusini

Nakuandalia orodha ya nyimbo sitini za hoteli na ufunguo wa sauti ambao waimbaji wengi hutumia kwa kila wimbo, uanze kuzipiga taratibu. Na hizo nyuzi acha kuchemsha. Nina seti mbili zisizofunguliwa, mimi nimehamia besi ya nyuzi tano siku hizi. Moja naweka kwenye basi la Tanga Jumamosi asubuhi. Nani atapokea?

BesiYaTanga

Kaka yangu, sijui niseme nini. Mama atakuwa stendi ya Kange kuanzia saa saba, amevaa kitenge cha kijani na ana ndoo ya samaki. Dereva akimwona atamjua.