Mpwa wangu kaangushwa na mashine ya kupima uongo, alikuwa anaomba upolisi. Nimshauri nini?

Mjomba wa Likoni
Salaam aleikum wanajamvi. Mpwa wangu tumemlea hapa Likoni mpaka kidato cha nne, kisha akamfuata mamake Marekani. Sasa ni raia wa huko, na mwaka huu aliomba upolisi katika mji anaoishi. Mbio alipita, mtihani wa kuandika alipita, daktari hakumwona na ila. Wakampeleka kwenye mashine ya kupima uongo, akaanguka. Barua waliyompa ina mistari miwili, sababu hamna.

Jana kanipigia analia. Walimfunga mipira kifuani, vidude kwenye vidole, na mkanda wa presha ukambana mkono mpaka ukafa ganzi. Alikuwa sawa hadi alipoulizwa habari ya dawa za kulevya. Mtoto huyu hata sigara hajavuta. Lakini kaka yake tulimzika kwa sababu ya unga, na yeye ndiye aliyemkuta kalala barazani, povu mdomoni. Mpaka leo ukimtajia unga mikono inamtetemeka. Mashine ikasema anaficha kitu.

Mamake anataka arudi kwenye lori. Yeye anataka kuomba mji mwingine, na kuna rafiki anamwambia asiseme kuwa alishaanguka. Nimwambieje?

Bahari Kuu
Pole sana ndugu yangu. Huyo rafiki asimsikilize kabisa. Fomu nyingi za polisi huko huuliza kama umeomba kwingine na kama ulipimwa. Akificha ikajulikana, hapo atakuwa mwongo kweli, na hatapata tena.

Ila kipimo chenyewe mimi sikipingi. Wengi hukiri mambo yao wakishaketi pale. Bunduki haipewi mtu yeyote tu.

Wakili wa Mtaa
Kukiri ni sawa. Lakini mpwa wa huyu bwana hakukiri lolote, kaangushwa na mistari ya karatasi. Mashine ile haijui uongo. Inapima pumzi, presha na jasho la vidole, na uchungu wa msiba hupandisha vyote hivyo.

Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti mwaka 2003. Walipiga hesabu ya wafanyakazi 10,000 wenye majasusi 10 ndani yao: ukitaka mashine iwanase 8, itawaangusha pia watu karibu 1,600 wasio na kosa. Tena Aldrich Ames wa CIA, aliyewauzia Wasovieti siri, alipimwa 1986 na 1991, akapita mara zote mbili!

Sheria yao ya 1988 inawakataza waajiri wengi wa binafsi kuwapima hivi waombaji kazi. Serikali ikaachwa nje, na polisi ni serikali. Karani wa duka analindwa, kijana anayeomba upolisi halindwi. Hili linaniuma. Massachusetts wao wamekataza hata kwa waombaji wa upolisi, na polisi wanao. Majimbo mengine yangeweza vilevile.

Mjomba, aandike barua wiki hii. Aulize ni swali gani lililomwangusha na kama kuna rufaa, na msiba wa kaka yake auseme wazi.

Mama Kisauni
Mimi sheria siijui, lakini mtoto wa dada yangu pia alikwenda na unga. Miaka sita sasa, na nikipita kijana kajikunja ukutani moyo unanienda mbio. Ningefungwa mipira hiyo siku ile, ningeambiwa nauza.

Mwambie akipimwa tena aseme mapema, wakati wa yale mazungumzo ya kabla ya kufungwa. Na asitafute ujanja wa kuizuia pumzi, wataona. Mamake naye mbembeleze, anaogopa kumpoteza wa pili.

Mjomba wa Likoni
Ahsanteni sana. Hilo la mamake sikuwa nimeliona hivyo, nitampigia yeye kwanza. Barua tutaiandika na kijana Jumamosi kwa simu. Niwatumie na cheti cha kifo?

Wakili wa Mtaa
Kiambatanishe. Kama kiko kwa nyanyake, kipige picha leo.